Jengo Linalojua Kusi na Kaskazi: Ubunifu wa Ghorofa za Makazi Mtwara na Lindi

Saa tatu za usiku, mwezi wa Februari, katika chumba cha kulala kilichoko ghorofa ya tatu mtaa wa Shangani mjini Mtwara, mwandishi wa makala haya alikuwa na desturi ya kuweka kiganja ukutani kabla ya kupanda kitandani. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa mbili zilizopita, upepo wa bahari ulisikika ukichezea minazi nje, na bado ukuta ule ulikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba ili kuukwepa. Pangaboi lilizunguka hadi asubuhi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchota hewa ya moto iliyokusanyika chini ya zege la paa na kuishusha juu ya chandarua.

Jengo lenyewe lilikuwa jipya. Matofali yalipangwa kwa timazi, plasta ilikuwa laini, vigae viling'aa, na hakuna fundi ambaye angeweza kulaumiwa kwa lolote. Kosa lilitendeka kabla ya fundi kufika, siku ile mchoro ulipowekwa juu ya kiwanja bila mtu kuuliza jua la alasiri lingepiga upande gani. Vyumba vyote vya kulala vilitazama magharibi, ngazi na vyoo vikatazama mashariki, na kila mpangaji akalipia kosa hilo kwa bili ya umeme wa kiyoyozi.

Watu wengi wakisikia kwamba jengo limebuniwa kulingana na mazingira yake huwaza bustani, rangi ya kijani, na pengine mwembe mmoja ulioachwa getini. Maana inayokusudiwa hapa ni finyu zaidi na ni ngumu zaidi: jengo ambalo umbo lake, upana wake, mahali pa madirisha yake na hata unene wa zege lake vimeamuliwa na jua, upepo, chumvi, mteremko na mvua za mahali linaposimama. Mambo hayo hayalingani kila mahali. Katika mwambao wa kusini mwa Tanzania, jua na upepo vimepatana kwa namna ambayo mbunifu wa miji mingine mingi angeionea wivu, na ndiyo sababu inasikitisha kuona ghorofa zinazochorwa kana kwamba havipo.

Hesabu ya jua

Miji ya Mtwara na Lindi iko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari. Kati ya tarehe hizo mbili, jua la adhuhuri huwa limeinamia kusini kidogo. Miezi iliyobaki, ambayo ni mingi zaidi, huwa limeinamia kaskazini. Mwezi wa Juni, linapofika mbali kabisa upande wa kaskazini, kimo chake adhuhuri ni nyuzi 56 hivi kutoka upeo wa macho. Mwezi wa Desemba, linapofika mwisho wa safari yake ya kusini, kimo hicho ni nyuzi 77, yaani karibu na utosi.

Namba hizo zinageuka kuwa sentimita za zege kwa urahisi. Dirisha lenye kimo cha mita 1.5 linalotazama kaskazini linahitaji kivuli kinachotokeza mita 1 kutoka ukutani ili jua la adhuhuri ya Juni lisiguse kioo chake. Dirisha kama hilo likitazama kusini linatosheka na sentimita 35 tu. Roshani ya kawaida ya mita 1.2 ikiwekwa upande wa kaskazini inafanya kazi mbili kwa gharama moja: ni mahali pa kukaa kwa mwenye nyumba ya juu, na ni kofia ya madirisha ya jirani wa chini yake. Ghorofa ya mwisho, isiyo na jirani wa juu, hupewa upenu wa paa.

Upande wa magharibi hesabu hiyo huvunjika. Mwezi wa Februari, saa kumi na nusu alasiri, jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi na linaangalia ukuta uso kwa uso. Kulikinga dirisha lile lile la mita 1.5 kungehitaji kivuli kinachotokeza mita 2.5, na saa moja baadaye hata hicho kisingesaidia, kwa kuwa jua hupita chini yake. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita hupokea joto hilo na kulipitisha polepole kuelekea ndani kwa muda wa saa nne au tano. Ukihesabu kuanzia saa kumi alasiri utaona ni kwa nini kiganja kilikuta ukuta una moto saa tatu usiku: joto lilikuwa ndiyo kwanza linawasili.

Kwa hiyo kuta ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, na katika kuta hizo fupi pasiwe na dirisha kubwa la chumba cha kulala. Kulitekeleza hilo hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji ikiwa limeamuliwa siku ya kwanza. Likisahauliwa, hakuna fundi atakayelirekebisha baada ya msingi kumwagwa.

Upande wa joshi na upande wa demani

Kila nahodha wa jahazi kutoka Kilwa hadi Msimbati anajua kwamba mwaka una pepo mbili kubwa. Kusi hushika kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, likivuma kutoka kusini-mashariki, na katika eneo letu huja pamoja na kiangazi na hali ya hewa iliyopoa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Novemba au Desemba na Machi, katika miezi ya joto kali na mvua. Mabaharia hugawa chombo pande mbili: upande wa joshi, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliokingwa. Msamiati huo ungefaa sana kwenye meza za wachora ramani za nyumba.

Jengo lililolala kutoka mashariki kwenda magharibi, kama jua lilivyokwisha kuamuru, hupokea kusi kwenye ukuta wake mrefu wa kusini na hupokea kaskazi kwenye ukuta wake mrefu wa kaskazini. Pepo zote mbili hulipiga kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, na upepo wa mshazari wa kiasi hicho bado huingia vizuri madirishani. Huku ndiko kupatana kulikotajwa mwanzoni. Iko miji ya tropiki ambako upepo mzuri hutoka magharibi, na mbunifu analazimika kuchagua kati ya upepo na kivuli; hapa kwetu uamuzi mmoja humpatia vyote viwili.

Kuna faida ya pili ambayo hutajwa mara chache. Kusi na kaskazi, ijapokuwa majina yake yanapingana, zote zina asili ya upande wa mashariki, na kwa hiyo upande wa magharibi wa jengo huwa demani karibu mwaka mzima, isipokuwa alfajiri unapovuma ule upepo mwepesi wa bara ambao wavuvi huutumia kutokea. Upande huo huo ndio unaochomwa na jua la alasiri. Basi huko ndiko panapofaa ngazi, vyoo, stoo na majiko: vitu visivyolaliwa, vyenye moshi au harufu, ambavyo kuta zake zitakuwa ngao ya vyumba vingine. Na tunapozungumzia jiko, tuwe wakweli. Familia nyingi zenye mtungi wa gesi bado zina jiko la mkaa kwa ajili ya maharage na pweza, na mchoro usioonyesha mahali pa jiko hilo unamhukumu mpishi kulibandika kwenye roshani ya mbele, upande wa joshi, ili moshi wake urudi sebuleni.

Inafaa kueleza kwa nini upepo unapewa uzito wote huu. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na katika hewa ya pwani yenye unyevu mwingi jasho halikauki upesi, hata joto likiwa la nyuzi 30 tu. Hewa inayopita juu ya ngozi kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ahisi kana kwamba joto limeshuka kwa nyuzi 2 au 3, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya kulala na kukesha. Kuta nene hazileti nafuu ya namna hiyo. Zinafaa mahali ambapo usiku huwa na baridi ya kutosha kuzipoza, kama nyanda za juu; kwenye mwambao wetu, ambako joto la usiku halitofautiani sana na la mchana, ukuta mnene usio na kivuli ni akiba ya joto tu.

Hata hivyo upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Jaribio lake ni la bure: fungua dirisha la upande wa joshi huku mlango wa chumba umefungwa, na pazia litajaa kidogo kisha litulie, fungua mlango unaoelekea dirisha la upande wa pili, na pazia lile lile litaruka hadi katikati ya chumba, na mlango utajibamiza usipouwekea tofali. Chumba chenye dirisha upande mmoja pekee hupata hewa mpya kwa kina kisichozidi mara mbili au mbili na nusu ya kimo cha dari. Nyumba iliyo wazi pande mbili inaweza kuvukwa na upepo kwa kina cha mara tano ya kimo hicho. Kwa dari ya mita 3 hiyo ni mita 15, lakini kuta za ndani na makabati hula nguvu ya upepo, na upana wa mita 10 hadi 12 kwa jengo zima ni salama zaidi.

Hapo ndipo ghorofa nyingi zinapoharibika. Mchoro unaopendwa na wawekezaji ni ule wa korido ndefu katikati na apatimenti huku na huku, kwa kuwa hubana nyumba nyingi katika kiwanja kimoja. Katika mchoro huo kila apatimenti ina uso mmoja tu wa nje. Wa kusini watapata kusi bila njia ya kuutoa, wa kaskazini watakaa demani miezi sita, na korido yenyewe itakuwa na giza la kuwashiwa taa saa sita mchana. Mpangilio ulio bora ni kufuta korido: kila ngazi ihudumie apatimenti mbili tu katika kila ghorofa, moja kulia na nyingine kushoto, na kila moja ienee kutoka ukuta wa kusini hadi ukuta wa kaskazini. Jengo refu litahitaji ngazi mbili au tatu badala ya moja, na huo ni mzigo halisi wa fedha. Lakini eneo lililokuwa korido hurudi ndani ya nyumba na kukodishwa.

Baada ya umbo, madirisha. Dirisha la aluminiamu la kuteleza, ambalo limeenea kila mahali, hufunguka nusu yake tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Anayelipia dirisha la mita 2 ananunua tundu la mita 1, kisha analipunguzia upepo kwa wavu wa mbu ambao hauepukiki. Madirisha ya bawaba hufunguka yote, na shata za mbao zenye vipande vya mshazari hupitisha hewa hata wakati wa mvua na huficha walio ndani. Zaidi ya hapo kuna tundu ambalo halina gharama na limesahaulika kabisa, nalo ni lile la juu ya mlango wa chumba. Usiku watu hufunga milango kwa ajili ya faragha, na bila tundu hilo hesabu yote ya upepo iliyoelezwa hapo juu hukoma saa nne usiku, wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Kiwanja kikikataa

Msomaji mwenye kiwanja tayari anaweza kulalamika kwamba mwelekeo haukuachwa mikononi mwake. Ni kweli, viwanja vya mijini hukatwa kwa kufuata barabara, na barabara hazikuuliza jua. Isitoshe kila mtu anataka kuiona bahari. Shangani hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa bahari iko upande wa kaskazini na roshani pana ya kaskazini inampa mtu mandhari, kivuli na kaskazi kwa pamoja. Lindi mjini ni tofauti. Mji umekaa ukingoni mwa ghuba, bahari iko mashariki, na nyuma yake ardhi inapanda kuelekea vilima, kiasi kwamba mandhari bora huwavuta wajenzi kuelekeza madirisha makubwa mashariki na, upande wa nyuma, magharibi.

Ikibidi kuchagua, mashariki ni ubaya mdogo. Jua la asubuhi lina kimo sawa na la alasiri, lakini linakuta hewa na kuta zilizopoa usiku, na kufikia saa nne limekwisha panda. Roshani yenye kina cha mita 2 ikisaidiwa na mapezi ya wima, yaani vibao vinavyosimama kukinga dirisha, au pazia la mbao la kusogeza hutosha. Njia nyingine ni kuuvunja ukuta wa mashariki uwe kama meno ya msumeno, ili kila dirisha ligeuzwe litazame kaskazini-mashariki. Mwenye nyumba bado anaiona ghuba, na dirisha linaikaribisha kaskazi huku likilipa jua mgongo kwa sehemu kubwa ya siku. Magharibi ibaki na ngazi, na mbele ya ngazi uwekwe ukuta wa matofali ya matundu, unaopitisha hewa na kuvunja jua.

Mteremko wa Lindi unadai pia uamuzi wake. Kishawishi cha kwanza ni kuleta katapila, kukata kilima, na kupata uwanja bapa. Mkato huo huacha ukuta wa udongo nyuma ya jengo ambao lazima uzuiwe kwa zege, na nyuma ya zege hilo hukusanyika maji ya mvua yanayosukuma bila kupumzika. Ukuta wa kuzuia udongo usio na matundu ya kutolea maji ni bwawa lililosimamishwa wima. Tena jengo lililozama ndani ya mkato hupoteza upepo wa upande wa nyuma. Jengo linaloshuka kwa ngazi pamoja na kilima, sakafu moja chini ya nyingine kwa kimo cha nusu ghorofa, hukata udongo kidogo zaidi, na kila apatimenti hupata bahari yake juu ya paa la mwenzake.

Walichojua wa kale, na ambacho hatukuhitaji kukiiga

Katika mkoa huu huu wa Lindi, Kilwa Kisiwani, kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100, na halikujengwa ndani ya mji, bali juu ya jabali linaloikabili bahari. Vyumba vyake, kama vya majumba mengi ya mawe ya mwambao hadi Mikindani, mji wa kale ulio jirani na Mtwara, ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita 2.5 hadi 3 tu. Sababu yake haikuwa mtindo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ikizidi urefu huo haiwezi kuhimili uzito wa mawe na chokaa. Msitu wa mikoko, kwa maneno mengine, ndio uliopima vyumba vya sultani.

Funzo lililopo hapo ni namna ya kufikiri, kwa maana umbo lenyewe lilitokana na boriti ambayo leo hatuitumii. Nondo na zege vimetuondolea mpaka wa mita 3. Kwa hiyo ghorofa inayobandikwa tao za plasta na mlango wa nakshi mbele, huku nyuma yake kuna sanduku la vioo linalotazama magharibi, imechukua mavazi ya Mikindani na kuacha akili yake. Kinachostahili kurithiwa bila kubadilishwa sana ni baraza: mahali penye kivuli, kati ya nje na ndani, ambapo jirani anaweza kusalimiwa bila kukaribishwa sebuleni. Katika jengo la ghorofa baraza linaweza kupanda juu na kuwa kituo cha ngazi kilichopanuliwa, chenye benchi la zege na upepo unaopita.

Chumvi

Upepo unaosifiwa katika makala haya una kasoro moja kubwa: unabeba chumvi. Matone madogo ya maji ya bahari huruka na hewa, hutua juu ya kila kitu, na kwenye zege hupenya taratibu kupitia vitundu vyake hadi kuzifikia nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa, na uvimbe huo hulipasua zege kutoka ndani. Anayetaka kuona hatua zake asimame chini ya roshani ya jengo la zamani karibu na ufuko na kuangalia juu. Kwanza kuna mstari wa rangi ya kahawia unaofuata nondo. Baadaye mstari huwa ufa, na ukigonga hapo kwa funguo husikika mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Mwisho kipande cha zege huanguka, nondo hubaki nje kama mbavu, na mwenye nyumba huita fundi kupaka plasta juu ya ugonjwa.

Kinga yake ni rahisi kueleza na ni ngumu kusimamia. Nondo za roshani, nguzo na mihimili ya nje zifunikwe kwa zege la milimita 40 hadi 50 au zaidi, si zile milimita 20 au 25 zinazotosha ndani ya jengo, na unene huo uhakikishwe kwa vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga, badala ya kukisia kwa jicho. Maji katika mchanganyiko yawe machache. Fundi anayeongeza ndoo moja ili zege liteleze kirahisi anafungua milango ambayo chumvi itapitia. Mchanga wa ufukweni usitumike hata ukiwa wa bure mlangoni. Saruji si ya kutafutwa mbali siku hizi, kwa kuwa kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara, na kwa hiyo kubana saruji kwenye jengo la ufukweni ni ubahili usio na utetezi. Misumari na skrubu za paa ziwe za aina isiyoshika kutu, na vyuma vya madirisha vipunguzwe.

Umbali nao husaidia, na hapa sheria imekwisha kusema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ukingo wa mto, shughuli za kibinadamu za kudumu au zile zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya maeneo hayo. Wengi huiona mita hizo 60 kama ardhi waliyonyang'anywa. Mwenye jengo angefanya vizuri kuziona kama ukanda wa mikoko na mivinje unaochuja chumvi kabla haijamfikia, na unaopokea bamvua ambalo maji yake hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3.

Mvua na tufani

Mwambao wa kusini una msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na baada yake miezi mingi hupita na paa kavu. Paa lenye eneo la mita za mraba 300, likipokea milimita 1,000 kwa mwaka na kupoteza sehemu ya tano, hukusanya lita 240,000. Hakuna tangi la jengo la kawaida litakaloyahifadhi yote, lakini birika la lita 60,000 chini ya ua, likichimbwa wakati msingi unachimbwa, linaweza kuwapa wapangaji wa familia nane maji ya kufulia na ya chooni kwa sehemu ya kiangazi. Mashimo ya maji taka yanataka uangalifu wa pekee, kwa sababu sehemu nyingi za pwani hii zimekaa juu ya miamba ya matumbawe yenye nyufa, ambayo hupitisha uchafu hadi kwenye visima bila kuuchuja.

Paa la zege tupu, ambalo ndilo lililokuwa juu ya chumba kilichotajwa mwanzoni, halifai katika nchi hii. Juu yake liwekwe paa la bati la rangi nyeupe lililoinuliwa, na kati ya mawili hayo upepo upite. Bati hulipa zege kivuli, zege hulinyamazisha bati wakati wa mvua, na nguo zinapata mahali pa kuanikwa.

Lakini paa la bati liwe limefungwa kwelikweli. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba tufani ni habari za Madagaska na Msumbiji, ingawa wazee wa Lindi walikumbuka kimbunga kilichoupiga mji huo Aprili 1952. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, baada ya wakazi wa Mtwara kutangaziwa wajihadhari. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake ziliikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Kusini. Tufani huvuta paa kwenda juu kabla ya kulisukuma pembeni. Kwa hiyo kenchi zifungwe kwenye mkanda wa zege kwa vyuma vilivyozamishwa ndani yake, na mapenu marefu yanayosifiwa kwa kivuli yawe kipande tofauti na paa kuu, ili yakinyakuliwa yasiondoke na paa lote.

Kuhusu ukuta ule wa Shangani, jirani wa chumba cha pili hakuwa mbunifu wala fundi. Alikuwa mama wa makamo kutoka Msimbati. Alinunua pande nane za makuti yaliyosukwa, akaziunga kwa kamba, akazining'iniza nje ya ukuta wake wa magharibi kutoka kwenye ukingo wa paa, zikiachana na ukuta kwa shubiri moja hivi. Jioni ya siku ya pili alituita tuje tuguse. Ukuta wake ulikuwa na joto la kawaida la chumba, na wetu, hatua tatu tu kutoka hapo, ulikuwa vile vile kama siku zote. Siku ya nne notisi ya mwenye jengo ilibandikwa kwenye ngazi, ikiwataka wapangaji waondoe mara moja vitu vinavyoharibu sura ya kisasa ya jengo.